Nani Atasema Ndiyo? Mwongozo wa kuchambua na kutabiri kura za wabunge wa Kenya

Kila mswada mzito unapokaribia kupigiwa kura, maswali huwa yale yale. Majina ya waliopiga kura yanapatikana wapi? Nianze na chama au na kaunti? Mbona hesabu yangu ilionyesha watashinda, wakashindwa? Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi, mwanahabari chipukizi au mwanaharakati unayetaka kujibu kwa jedwali badala ya tetesi. Shahada ya takwimu si lazima. Subira ya kunakili majina ni lazima.

Wengi wanaoanza huuliza, "Mbunge fulani atasema ndiyo au hapana?" Kwa Bunge la Kenya hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama atakuwemo ukumbini. Kuna hoja hapa zilizoangushwa na viti vitupu, waliosimama kuzipinga wakiwa wachache, na anayetabiri bila kuhesabu viti vitupu anakisia tu.

Utakachohitaji

- Orodha ya wabunge wote 349 wa Bunge la Taifa: 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 wateule. Spika ni wa 350, lakini hapigi kura. Kwa Seneti ni maseneta 67 na Spika wao.
- Hansadi (kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni) za siku ambazo kura ilipigwa. Zimo kwenye tovuti ya Bunge, na shirika la Mzalendo pia huweka kumbukumbu za vikao na za wabunge.
- Programu yoyote ya majedwali. Excel au LibreOffice Calc inatosha kabisa.
- Katiba ya 2010, hasa ibara za 115, 121 hadi 123, 145, 150, 152 na 256, pamoja na Kanuni za Kudumu za Bunge.
- Ukurasa mmoja wa tarehe za kisiasa: lini muungano uliundwa, lini ulivunjika, nani alihama. Utaona kwa nini kwenye hatua ya 4.

R au Python ni nzuri ukiwa na kura nyingi. Ukianza na kura tano au sita, zitakupotezea wakati.

Hatua ya 1: Jua ni kura ya aina gani

Kabla ya kuhesabu mtu yeyote, andika juu ya ukurasa idadi inayohitajika na ni idadi ya nini. Hapa ndipo wanaoanza huanguka zaidi, kwa hiyo usiharakishe.

Kura ya kawaida huamuliwa na wingi wa waliomo na waliopiga kura. Akidi, yaani idadi ya chini ya waliomo ili kikao kiendelee, ni wabunge 50 tu katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Maana yake, mswada wa kawaida unaweza kupita kwa kura chache mno wengine wakiwa safarini au mikutanoni.

Kurekebisha Katiba kwa njia ya Bunge ni habari nyingine. Hapo inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, wala si theluthi mbili ya waliofika. Kumwondoa Naibu wa Rais kunataka kiwango hicho hicho. Kupuuza pingamizi za Rais aliyerudisha mswada pia kunataka theluthi mbili. Katika kura za namna hii, asiyefika amepiga kura ya hapana, apende asipende. Mwezi Februari 2019 mswada wa usawa wa jinsia ulikwama bila hata kupigiwa kura, kwa sababu waliokuwemo ukumbini walikuwa 174. Miaka mitatu nyuma, Aprili 2016, mswada wa lengo hilo hilo ulipata kura 195 za kuunga mkono dhidi ya 28, na bado ukaanguka. Aliyesoma matokeo ya 2016 kwa kulinganisha ndiyo na hapana angedhani ni ushindi mnono.

Seneti ina kanuni yake ya ziada. Jambo linalohusu kaunti hupigiwa kura na ujumbe wa kaunti: kaunti moja, kura moja, inayopigwa na seneta aliyechaguliwa au, asipokuwepo, mwanaujumbe aliyemteua. Jumla ni kura 47, na 24 zinatosha. Maseneta wateule hawana kura zao wenyewe hapo. Ukiingiza majina yote 67 kwenye jedwali lako la mswada wa ugavi wa mapato, umeshakosea kabla ya kuanza.

Uliza pia kama uamuzi wa mwisho unafanyika pale unapotazama. Tarehe 2 Mei 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura 149 kwa 36, watu 3 wakijizuia, kuunga mkono hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Waliotabiri ukumbi walipata. Lakini kwa ibara ya 152 hoja hiyo huenda kwanza kwa kamati teule ya wabunge 11, na huko 7 walisema madai hayakuthibitishwa. Hoja ikafa. Waliofaa kuchunguzwa ni wale 11.

Hatua ya 2: Kusanya kura zenye majina

Kura nyingi bungeni ni za sauti: Spika anauliza, wanaitikia, anatangaza. Hizo hazina majina na hazikufai. Unazotaka ni zile ambazo wabunge wamehesabiwa mmoja mmoja, kwa mtambo au kwa kuitwa majina. Katika Hansadi tafuta neno DIVISION. Chini yake utakuta orodha zenye vichwa AYES (ndiyo), NOES (hapana) na ABSTENTIONS (waliojizuia). Mijadala yenyewe huenda kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo ukitafuta hotuba za mbunge tafuta kwa lugha zote mbili, hasa wabunge wa Pwani.

Andika kila kura kwa kina: tarehe, mswada, hatua yake, na kifungu kama kura ni ya Kamati ya Bunge Zima, ambapo mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu. Kusomwa mara ya pili na mara ya tatu ni kura mbili tofauti. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita mara ya pili tarehe 20 Juni kwa 204 dhidi ya 115. Siku tano baadaye, maandamano yakiwa mlangoni, ulipita mara ya tatu kwa 195 dhidi ya 106. Ukizichanganya hizi kuwa kura moja, umepoteza kitu cha thamani kuliko vyote: nani alibadilika ndani ya siku tano.

Onyo: kura za siri, kama ya kumchagua Spika, hazina majina na hazitakuwa nayo. Usijaze kwa kubahatisha. Zitumie kwa jumla zake tu, kama utakavyoona hatua ya 4.

Hatua ya 3: Jenga jedwali

Mstari mmoja ni mbunge mmoja, safu moja ni kura moja. Tumia alama nne, wala usipunguze: N kwa ndiyo, H kwa hapana, J kwa aliyejizuia, na X kwa asiyekuwepo. Kishawishi cha kumfanya asiyekuwepo kuwa H au kuacha kisanduku kitupu ni kikubwa. Kishinde. X ni taarifa.

Usitumie jina la mbunge kama kitambulisho. Majina huandikwa kwa namna tatu nne katika Hansadi hiyo hiyo: mara na "Mhe.", mara na cheo cha udaktari, mara jina la katikati limeachwa. Tumia namba za IEBC, tume ya uchaguzi: maeneo bunge huanzia 001, Changamwe, hadi 290, Mathare. Kwa wawakilishi wa wanawake tumia namba ya kaunti ukiitanguliza kwa W, na kwa wateule tunga namba zako zikianza na T. Pangilia safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuanza kujaza, la sivyo programu itafuta sifuri za mbele, Changamwe itakuwa 1, na siku utakapounganisha majedwali mawili hutaelewa kwa nini maeneo yote ya Pwani yametoweka.

Uchaguzi mdogo ukifanyika, fungua mstari mpya wenye namba ile ile na tarehe ya kuanza. Mbunge mpya asirithi kura za aliyemtangulia.

Hatua ya 4: Panga watu kwa mirengo, na weka tarehe

Chama kilichoandikwa kwenye cheti cha uchaguzi ni mwanzo tu; mrengo ni kundi ambalo mbunge hupiga nalo kura kweli. Baada ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono tarehe 9 Machi 2018, wabunge wa ODM, chama cha Raila, walianza kupiga kura na sehemu ya Jubilee, chama cha Uhuru, na Jubilee yenyewe ikapasuka kati ya Tangatanga (waliomfuata William Ruto) na Kieleweke (waliobaki na Uhuru). Mswada wa BBI, uliotaka kurekebisha Katiba baada ya maridhiano hayo, ulipofika bungeni Mei 2021 ulipata kura 235 dhidi ya 83 uliposomwa mara ya pili. Anayetabiri kura hiyo kwa safu ya chama pekee atakosea karibu Jubilee nusu nzima. Anayetumia safu ya mrengo atapata wengi.

Baada ya 2022 ni hivyo hivyo. Oktoba mwaka huo Spika Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ina wabunge 179 na Azimio, muungano uliomuunga mkono Raila, 157, baada ya 14 waliochaguliwa upande wa Azimio kuhesabiwa upande wa pili. Mahakama Kuu ilikuja kuubatilisha uamuzi huo Februari 2025, lakini kwa kazi yako ya kutabiri, mahakama haibadilishi mtu alivyopiga kura. Kuna namba nyingine iliyosema ukweli mapema zaidi: tarehe 8 Septemba 2022, katika kura ya siri, Wetang'ula mwenyewe alipata 215 dhidi ya 130 za Kenneth Marende. Linganisha na zile 204 za Mswada wa Fedha Juni 2024. Mimi huamini namba ya siku ya Spika kuliko barua zote za vyama zilizoandikwa baadaye.

Kwa hiyo tengeneza safu tatu: chama, muungano, na mrengo halisi. Safu ya mrengo iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kura za kabla ya wanachama wa ODM kuteuliwa kuwa mawaziri Julai 2024 zisitumiwe kutabiri kura za baada yake bila kupunguzwa uzito.

Hatua ya 5: Pima umoja wa kila mrengo

Kuna kipimo rahisi, fahirisi ya Rice. Toa hapana kutoka kwa ndiyo, gawanya kwa jumla ya zote mbili, puuza alama ya kutoa. Mrengo wenye ndiyo 90 na hapana 10 unapata 0.8. Wenye 50 kwa 50 unapata 0. Fanya hivyo kwa kila mrengo na kila kura, kisha angalia ni mada gani zinauvunja. Kwa kawaida utakuta kodi, ardhi na ugavi wa fedha.

Halafu hesabu kwa kila mbunge: mara ngapi amepiga kura kinyume na wengi wa mrengo wake? Hao ndio waasi, wa kufuatilia mmoja mmoja. Waliobaki watabiri kwa kundi, na usijisumbue kusoma hotuba zao zote.

Hatua ya 6: Andika utabiri wa msingi

Mpe kila mbunge namba mbili: uwezekano wa kuwepo, na uwezekano wa kusema ndiyo akiwepo. Zizidishe. Jumlisha safu nzima. Hiyo ndiyo idadi ya ndiyo unayotarajia. Kwa mbunge mtiifu wa serikali, 0.9 mara 0.97 ni takriban 0.87.

Kisha lipime jedwali lako kwa kura iliyopita. Chukua Mswada wa Fedha wa Juni 2024, mara ya pili: hata kama wote 179 wa Kenya Kwanza walifika, na 13 waliokuwa nje ya miungano yote miwili wakaungana nao, hiyo ni 192. Kura zilikuwa 204. Kwa hiyo angalau kumi na mbili hivi walitoka Azimio, na umelijua hilo bila kusoma jina hata moja. Sasa nenda kwenye Hansadi uwatafute.

Hatua ya 7: Ongeza maslahi ya eneo

Kuna kura ambazo mrengo hausemi lolote. Mfano bora ni fomula ya ugavi wa mapato ya kaunti mwaka 2020, iliyokwama Seneti mara kumi kabla ya kupita tarehe 17 Septemba. Fomula iliyopendekezwa ilitilia uzito idadi ya watu: Kiambu, Nakuru na Uasin Gishu zingeongezewa, kaunti za kaskazini mashariki na kadhaa za Pwani zingepunguziwa. Maseneta wa chama kimoja wakasimama pande mbili, na wapinzani wa jana wakawa kundi moja. Utabiri wa hapo ulihitaji safu moja tu: kaunti hii inapata au inapoteza shilingi ngapi? Mkwamo uliisha pale nyongeza ya bilioni 50 ilipoahidiwa, ili kusiwe na kaunti inayopoteza. Yaani safu ya hasara ilipofutika, upinzani nao ukafutika.

Kabla ya kila kura ya fedha, jaza safu hiyo. Ongeza na hizi mbili: je, mbunge ana cheo cha kamati ambacho kiranja (anayesimamia nidhamu ya kura za chama) anaweza kumnyang'anya, na je, ni mteule? Mteule hana wapigakura wa kumkinga. Kuhusu vyeo, kumbuka Mei 2020, Kithure Kindiki alipoondolewa kwenye unaibu wa Spika wa Seneti kwa kura 54 dhidi ya 7. Waliobaki waliuona ujumbe.

Hatua ya 8: Rekebisha mahudhurio kwa aina ya kura

Usitumie wastani mmoja wa mahudhurio. Tazama waliohesabiwa katika Bunge la Taifa lenye viti 349:

- BBI, kusomwa mara ya pili, Mei 2021: 320, takriban 92%
- Fedha 2023, mara ya pili: 176 kwa 81, yaani 257, takriban 74%
- Hoja ya Linturi, Mei 2024: 188, takriban 54%
- Fedha 2024, mara ya pili: 319, takriban 91%
- Usawa wa jinsia, 2019: 174, nusu tu

Vinara wakitaka, watu hufika. Wasipotaka, hutasikia mtu akisema hapana. Utaona tu viti. Dalili za kutazama siku mbili kabla: mikutano ya wabunge wa muungano iliyoitishwa ghafla, safari za nje zilizofutwa, na kura kusogezwa mbele. Kura ikiahirishwa bila sababu ya maana, aghlabu kiranja amehesabu na hajatosheka.

Hatua ya 9: Funga utabiri, kisha ujipime

Hifadhi faili yenye tarehe kabla ya kura, wala usiiguse tena. Baada ya kura, kwa kila mbunge toa matokeo (1 au 0) kutoka kwa uwezekano ulioandika, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha tafuta wastani. Hii ni alama ya Brier. Ndogo ni bora. Uliyempa 0.9 akasema ndiyo anakugharimu 0.01, asiposema, 0.81. Anayempa kila mtu 0.5 hupata 0.25. Ukiwa juu ya hapo, mtu asiyejua chochote amekushinda.

Mambo yakikwama

*Jumla ya majina haifanani na idadi iliyotangazwa.* Angalia kurasa mbili zilizofuata. Wakati mwingine mtambo hukataa na wachache hutaja kura zao kwa sauti. Mara nyingine Spika husahihisha idadi baadaye. Andika zote mbili, ukisema ipi ni ya orodha.

*Hansadi ni picha iliyoskaniwa na maandishi hayanakiliki.* Tumia programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, kisha kagua majina yote kwa macho.

*Ninazo kura nne tu za majina.* Basi usijaribu kupanga wabunge kwenye mstari wa kushoto na kulia kama wafanyavyo wachambuzi wa Bunge la Marekani; wao wana mamia ya kura. Kaa na mirengo na waasi.

*Utabiri wa jumla ni sahihi, wa mtu mmoja mmoja umevurugika.* Makosa yako yanafutana. Tazama kama umewapa waasi wote uwezekano mmoja.

*Nilitabiri mswada utapita, ukapita, lakini sheria haikuja.* Utabiri wako ulikuwa wa kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Ukitaka kutabiri sheria, ongeza hatua ya Ikulu kando, usiichanganye na ukumbi.

*Nimesikia wabunge wamepewa pesa; niweke safu?* Bila ushahidi, hapana. Usiweke wala namba zao za simu, hata kama zimesambaa; zilisambaa Juni 2024 na hazikuongeza usahihi wa jedwali la mtu yeyote.

*Naweza kutumia njia hii Dodoma?* Kura ya bajeti ya Tanzania hupigwa kwa kuitwa majina, kwa hiyo data ipo. Ila ibara ya 90 ya Katiba yao inamruhusu Rais kuvunja Bunge likikataa bajeti, na mbunge anayesema hapana anahatarisha kiti chake mwenyewe. Anza na uwezekano wa ndiyo wa juu sana kwa chama tawala, kisha tumia muda wako kwenye safu ya wasiokuwepo.